Neno Hili Silijui

Shuleni, Tabora
14 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Nimefika salama na barua yako ya kwanza nimeipata. Umeandika, "Sisi wazima, hofu ni kwako." Kwa nini unaniogopa? Nilimwonyesha matroni akacheka, akasema ndivyo watu wazima wanavyoanza barua. Basi mimi naanza hivi: sijambo, uji wa hapa ni mwepesi, na blanketi langu lililopotea limerudi.

Kile kidude alichonipa mjomba Obadia kimefika kizima. Matroni anakitunza kabatini, ananipa Jumamosi nikishafua. Nakueleza tena mchezo wake kwa sababu nilipokuonyesha nyumbani wewe ulikuwa unaangalia alizeti. Unaitwa Andika Kije. Kuna msichana mdogo amebeba ndoo, na kila anakopita anamkuta mtu ana shida. Wewe unaandika neno na kitu kinakuja. Ukiandika ngazi, inakuja ngazi. Ukiandika tembo, anakuja tembo, hata kama uko jikoni. Shida ni kwamba maneno mengine yana nyuso mbili. Juzi mvua ilikuwa inamnyeshea mzee, nikaandika paa ili afunikwe, akaja yule paa mwenye pembe, akala mchicha wote wa mzee. Wenzangu walicheka mpaka wakaanguka vitandani.

Kidude hakisikii, kinasoma tu. Nakipenda kwa sababu hiyo. Hakikasiriki nikichelewa kuelewa.

Sasa nimekwama. Kuku wa mama mmoja wameingia shamba la jirani na jirani ameshika kiuno. Niwarudishe bandani. Nimeandika mbwa, wakatawanyika. Nimeandika wavu, mtama, fimbo, watoto. Watoto walikuja wakaanza kucheza mpira. Mwulize Bibi. Usijibu wewe, Baba, wewe ungeniambia niandike mwenyekiti wa kijiji. Nyumbani nilikuwa namwonyesha Bibi picha, naye ananijibu kwa mikono, na anapata kila mara ingawa hajui kusoma.

Mtihani ni mwezi wa tisa. Nasoma.

Mwanao,
Dina


Sepuka
27 Julai 2024

Mpendwa binti yangu Dina,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. Sisi ni wazima, na safari hii sikuogopi, ingawa ukitazama ulivyonisema kwenye barua yako ningekuwa na haki.

Alizeti tumeshaipiga na kuipepeta. Upepo wa mwezi huu umekuwa mkali, unavuma asubuhi mpaka jioni, midomo imetupasuka sote. Ng'ombe wako yule mwenye doa amezaa dume. Mjomba wako Obadia alipita hapa kutoka Mwankoko na pikipiki iliyojaa redio za watu za kutengeneza. Barua zako mpe kondakta wa basi la Singida kama tulivyokubaliana, atamwachia yeye dukani kwake. Anauliza mchezo unakwendaje, maana wale vijana wa Dodoma walioutengeneza na kumpa ajaribishe kwa watoto wanataka habari. Nimemwambia unakula macho ya mwanangu, akaniambia nikae kimya, mtoto anajua maneno kuliko mimi.

Nilimsomea Bibi barua yako akiwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema hao waliotengeneza mchezo hawajawahi kufuga, au wamefuga na wanakutega. Kuku hafukuzwi kurudi bandani. "Mwambie aandike jioni. Jua likizama watarudi wenyewe, wamepanga foleni." Nikamwambia, mama, jioni siyo kitu, haiwezi kuja kwenye kioo. Akanitazama ule mtazamo wake unaoujua, akasema, "Wewe andika nilivyokutuma."

Halafu nikaona kitu. Wakati anasema, mikono yake nayo ilikuwa inakwenda, utadhani umekaa mbele yake. Ninyi wawili mkianza mambo yenu ya mikono mimi huwa sijui niweke wapi macho. Ndipo naondoka kwenda kuangalia mifugo, hata kama haina haja ya kuangaliwa.

Analalamika kichwa. Shangazi yako Martha anasema ni jua la kupepeta. Tumemwambia akae kivulini, lakini unamjua.

Soma kwa bidii.

Ni mimi baba yako,
Laurenti Mughwai


Shuleni, Tabora
4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Mwambie Bibi: JIONI IMEKUJA. Niliandika, kioo chote kikawa cha rangi ya chungwa, na kuku wakarudi mmoja mmoja, jogoo nyuma. Jirani akatoa mikono kiunoni. Bweni zima walikuja kuangalia. Nikawaambia ni bibi yangu, haoni vizuri, hajui kusoma, na amewashinda. Kuna msichana wa Nzega aliyekuwa anajivuna, sasa anataka kuazima bibi yangu.

Bibi aache kupepeta. Mwambie nimesema mimi. Mwonyeshe hivi: kidole juu ya ungo halafu tikisa hapana. Hapo hata wewe unaweza.

Hatua mpya ni ngumu kuliko zote. Ni sokoni. Kuna mtoto amepotea na hasemi. Watu wote wamemzunguka, midomo inafunguka na kujifunga, wanamwuliza jina. Yeye analia tu. Nikiandika polisi, analia zaidi. Nikiandika kipaza sauti, watu wanaziba masikio lakini mtoto anabaki vilevile. Nimeandika pipi. Alikula pipi akaendelea kulia. Mimi najua anavyojisikia lakini sijui neno lake. Mwulize Bibi polepole, usimharakishe.

Kuna maneno ambayo kidude hakina. Kinaandika, "Neno hili silijui, jaribu jingine." Kwa mfano hakijui mlenda. Mwambie mjomba awaambie hao vijana kwamba mchezo hauna mlenda, ni aibu.

Nasubiri jibu la Bibi.

Mwanao,
Dina


Sepuka
17 Agosti 2024

Mpendwa binti yangu Dina,

Nakuandikia kwa moyo mzito sana, na ninakuomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Kazi ya Mungu haina makosa. Bibi yako ametutoka. Ametangulia mbele ya haki, nasi tuko nyuma yake, kila mmoja kwa zamu yake. Alhamisi ya wiki iliyopita tulimsindikiza hadi kwenye nyumba yake ya milele, kule juu karibu na shamba la mtama, mahali alipopapenda mwenyewe. Sasa amepumzika. Watu walikuwa wengi, walitoka hata Ikungi na Singida mjini, na kwaya ya kigango iliimba mpaka mwisho. Kwa kweli alipewa heshima yake.

Wazee walikaa pamoja na shangazi yako Martha. Wakaona usisumbuliwe na safari, kwa kuwa mtihani wako wa darasa la saba umekaribia, na Bibi mwenyewe alikuwa anatamani sana ufaulu. Wengine walisema mambo mengine ambayo sina haja ya kuyaandika. Mimi nikakubaliana nao. Ndiyo sababu hukuitwa. Mwalimu wako sikumpigia simu, maana niliona jambo hili ulipate kwa mkono wa baba yako, si kwa mtu mwingine.

Barua yako ya tarehe nne ilifika hapa tumeshamaliza shughuli. Niliisoma peke yangu.

Jikaze, mwanangu. Usiache kula. Tumwachie Mungu, yeye ndiye ajuaye.

Baba yako,
Laurenti Mughwai


Shuleni, Tabora
25 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma na sijaielewa vizuri. Ametoka kwenda wapi? Umeandika "ametutoka." Mimi niko Tabora, mimi hakunitoka, amewatoka ninyi. Mmegombana? Kama ni shangazi Martha amemsema tena kuhusu ugoro, mwambie aache. Bibi akikasirika anaweza kwenda mbali kwa miguu.

Lakini halafu umesema mmemsindikiza, kwa hiyo nadhani hakuna ugomvi. Na mmemjengea nyumba. Asante sana, Baba. Ile ya zamani ilikuwa inavuja upande wa kitanda, na nilikuwa nawaza mvua zikianza itakuwaje. Hii ya milele ni ya bati? Ina dirisha upande wa njia? Bibi anapenda kuona nani anapita. Pale juu karibu na mtama kuna upepo, mmempelekea lile shuka zito? Nani analala naye? Usimwache peke yake, haoni vizuri.

Niliandika maneno yako kwenye kidude ili nione. Niliandika tangulia. Yule msichana akatembea mbele ya punda, punda akamfuata. Niliandika pumzika. Akaketi, akaweka ndoo chini, akavua viatu. Nikafurahi. Bibi alikuwa amechoka, ni vizuri akavua viatu.

Nimekasirika kidogo kwamba hamkuniita. Kwaya na watu kutoka Singida mjini, mimi mjukuu wake sipo. Ningekuja hata siku moja nikarudi. Na kama kazi ya Mungu haina makosa, kwa nini moyo wako ni mzito? Ulitaka aendelee kukaa kwenye nyumba ya kuvuja?

Mtoto wa sokoni bado analia. Bibi hakunijibu. Nadhani ni kwa sababu ya kuhama. Akishapanga vitu vyake mwulize.

Mwanao,
Dina


Sepuka
1 Septemba 2024

Mpendwa Dina,

Nimeipata barua yako. Niliisomea zizini.

Hatukugombana na Bibi. Hakuna aliyegombana naye, ondoa shaka hiyo. Shangazi yako ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko sisi sote na sasa hivi hata chakula hakimpiti.

Nimewaonyesha barua yako yeye na mjomba wako Obadia. Shangazi amesema kwanza mtihani, mengine baadaye. Obadia alitoka nje akawasha pikipiki akaondoka hata chai hakunywa. Mimi nimefikiri sana. Wewe umeuliza maswali mengi, mwanangu, na mengine nitakujibu ukishafanya mtihani. Si kwamba nakuficha. Kila jambo lina wakati wake.

Nyumba yake haivuji. Siyo ya bati, juu tumeweka saruji. Dirisha hakuna. Shuka lake zito analo.

Kuhusu yule mtoto wa sokoni, Bibi anasema andika mama. Mtoto akimwona mama yake atanyamaza. Anakusalimu sana, anasema usome.

Baba yako,
Laurenti


Shuleni, Tabora
8 Septemba 2024

Baba,

Ijumaa mwalimu wa Kiswahili alikuwa anatupitisha kwenye misemo kwa ajili ya mtihani. Aliandika ubaoni: aga dunia, ametutoka, tangulia mbele ya haki, pumzika, nyumba ya milele. Akauliza nani anajua maana. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilifurahi kwa sababu yote nilikuwa nayo kwenye barua yako. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema kwa ishara: ni mtu mzee anajengewa nyumba mpya na kuhamia.

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniangalia, akauliza nimeyasoma wapi. Nikasema kwa baba. Akaja karibu, akanyoosha kiganja kikiangalia juu, halafu akakigeuza chini.

Ishara hiyo naijua, Baba. Bibi alinifundisha nikiwa mdogo, siku kuku wangu alipokanyagwa na pikipiki. Alinifundisha tena nilipomwuliza mama yangu yuko wapi, maana watu walikuwa wananionyesha mbinguni kwa kidole na mimi natafuta ndege. Bibi akageuza kiganja. Nililia, halafu nikaelewa. Nilikuwa na miaka mitano na nikaelewa. Sasa nina kumi na nne na wewe unanionyesha mbinguni kwa kidole.

Nimeandika kufa kwenye kidude. Kikajibu, "Neno hili silijui, jaribu jingine." Mjomba aliniambia wale vijana waliondoa maneno ya kuogopesha kwa sababu ni mchezo wa watoto. Sawa, wao hawanijui. Wewe je, na wewe ulitengenezwa Dodoma?

Nilikuuliza kama nyumba ina dirisha ukanijibu hakuna. Ulijua ninachouliza, ukajibu. Halafu ukaandika, "Bibi anasema." Bibi gani huyo aliyesema andika mama? Nilijua hata kabla ya Ijumaa kwamba kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu Bibi hawezi kujibu hivyo. Bibi asingeniambia mimi niandike mama. Jibu hilo ni la mtu asiyenifahamu.

Na yale "mambo mengine" waliyosema wazee nayajua bila kuandikiwa. Walisema yule bubu hasikii, msibani atafanya nini. Nimeona midomo yao tangu nizaliwe.

Mtihani ni Jumatano. Nitaufanya. Wewe niandikie tena, na safari hii uandike neno lenyewe. Niambie alivyokufa. Usiweke Mungu mahali pa maelezo.

Dina


Sepuka
14 Septemba 2024

Dina,

Bibi amekufa.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi mpaka nikaweza kuliandika. Siku zote nilidhani nimekuambia. Ile barua ya kwanza nilidhani nimekuambia vizuri kabisa, kwa maneno ya heshima, kama nilivyomwandikia kila mtu. Ulipojibu ukiuliza habari ya bati, nilielewa kwamba hujui, na hapo ningeweza kusema. Sikusema. Shangazi alisema mtihani, nami nikajificha nyuma ya mtihani. Kukuandikia kwamba Bibi anasema ni uongo wangu mwenyewe, hakunituma mtu. Nisamehe kama utaweza. Sikulazimishi.

Nakueleza sasa. Jumamosi tarehe tatu, asubuhi, alikuwa anaosha uso nje. Martha akasikia beseni linaanguka. Alikuwa amelala upande wa kulia. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni kiharusi, wakamhudumia, Jumatatu wakaturuhusu turudi naye nyumbani. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa na sauti ilikuwa imekwisha. Mdomo ulikuwa unatetemeka lakini neno halitoki. Macho yalikuwa yake yale yale. Alikuwa ananitazama, Dina, anajua mimi ni nani.

Nikuandikie yote, maana umesema yote. Mkono wa kushoto haukutulia. Siku zote zile ulikuwa unakwenda, unapanda usoni, unashuka. Watu walisema ni ugonjwa, mkono unatapatapa. Martha alikuwa anaushika kwa viganja vyake viwili na kuukandamiza kifuani ili mama atulie. Alifanya hivyo kwa upendo, nilikuwepo.

Jumatano wanawake walikuwa jikoni na mimi nilikuwa peke yangu naye. Akaanza tena. Alishusha kidole kimoja kutoka chini ya jicho mpaka kwenye kidevu. Nikadhani anaonyesha machozi. Nikachukua kitambaa nikampangusa, lakini hapakuwa na chozi. Akarudia, nikampangusa tena. Halafu akaweka kiganja juu ya godoro, hapo kando yangu, akapigapiga. Nikadhani anasema niondoke, amechoka kutazamwa. Vidole vyake vikapanda mpaka hapa chini ya shingo, vikawa vinatikisika. Nikaona ni baridi, nikavuta lile shuka zito nikamfunika mpaka kidevuni, na mkono nikaufunika. Nikatoka nje ili apumzike. Nikakaa na wazee kwenye benchi, tunaongea habari za mbegu. Martha alipoingia na uji alikuwa ameshakufa.

Ni wakati wanawake wanamwosha, mimi niko mlangoni, ndipo nilipokumbuka ile siku ya ungo, mikono inakwenda wakati anakujibu wewe. Nilisimama pale nikawaza, huyu mama alikuwa anasema, siku zote hizi alikuwa anasema, na nyumba nzima hii hakuna anayejua kusoma. Anayejua yuko Tabora, na sisi ndio tuliosema asiitwe. Hata ugonjwa wenyewe hukuambiwa. Ungefika Jumatatu jioni.

Sijamwambia mtu jambo hili. Siwezi kumwambia Martha, litamuua.

Nilikuwa na miaka kumi na nne ya kujifunza. Nilikuwa nikitaka kukuambia kitu namwambia mama, naye anakuambia, mambo yanakwisha. Niliona inatosha. Ninajuta, Dina, na majuto haya sijui nitayaweka wapi.

Nimekuandikia alivyofanya kwa mkono kadiri nilivyoweza kukumbuka. Kidole kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Kiganja juu ya godoro. Vidole kutikisika chini ya shingo. Kama yana maana, niambie. Kama hayana, niambie pia.

Baba yako,
Laurenti


Shuleni, Tabora
20 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mtihani nimefanya. Kulikuwa na swali la misemo, nimelipata.

Tunafunga Jumatano na nitakuja na basi la asubuhi, lakini nakuandikia kabla kwa sababu nikifika na kukuambia kwa mikono hutanielewa.

Barua yako nimeisoma nyuma ya bweni. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kuchukua kalamu. Nilitaka kukuandikia kwamba mikono yake haikuwa na maana, ni ugonjwa tu. Ningeweza. Nimeona sasa kwamba ni rahisi sana kumwandikia mtu hivyo, na kwamba unapoandika unajiona mwema. Nikaichana karatasi hiyo. Mimi ndiye niliyekuomba neno lenyewe, na ukaniandikia.

Kidole kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni siyo machozi. Ni wewe. Ni jina lako. Una kovu hapo, la mwiba, tangu ulipokuwa unachunga, Bibi aliniambia. Mimi na yeye tumekuita hivyo tangu nina akili. Hukujua kwa sababu ulikuwa unaondoka. Alikuwa anakuita.

Kiganja kupigapiga kando yake ni kaa hapa. Kuondoka ni kiganja kinachosukuma. Hakukufukuza.

Vidole kutikisika chini ya shingo siyo baridi. Ni naogopa.

Alisema: Laurenti, kaa hapa, naogopa.

Nimelia sana, Baba, kwa ajili yake na kwa ajili yako. Shangazi usimwambie, hapo ninakubali. Siri hii nitaibeba na wewe. Lakini nimekukasirikia bado. Ningekuwa pale ningemjibu. Ningemshika mkono baada ya kumaliza kusema, siyo kabla. Sijui hasira hii itaisha lini, na sitaki unihimize.

Kidude nimempa yule msichana wa Nzega aendelee nacho. Yule mtoto wa sokoni nimemwacha bado analia, sikupata neno lake.

Jumatano usimtume shangazi stendi, wala mjomba na pikipiki. Njoo wewe. Ukiniona usifungue mdomo. Jina langu nyumbani linafanywa hivi: kunja uso kama mtu aliyekasirika, halafu gusa katikati ya nyusi kwa kidole kimoja, taratibu. Bibi alinipa kwa sababu nilizaliwa nimekunja uso. Fanya mazoezi zizini, nitakuwa nakuangalia kwenye dirisha la basi.

Mwanao,
Dina